Pumzi ya Cleotha, Masikio ya Ezell

Chicago, 4 Februari 1951

Kaka yangu Ezell,

Pokea salamu za ghorofa nzima, za wanaokupenda na za wale waliokuwa wakigonga ukuta ukianza kupuliza. Sisi wazima. Earline mzima, na binti yetu Juanita mzima kabisa, ila amejifunza matusi kwa kukaa karibu na mzee Stovall. Hofu yetu ni kifua chako. Je, kitanda walichokupa kiko dirishani au ukutani? Mama Pearlie aliandika kwamba wodi ya weusi iko nyuma, karibu na jiko. Nikasema afadhali, utanusa chakula kabla wazungu hawajakimaliza.

Huku pengo lako linaonekana. Jumapili tulikusanyika Mtaa wa Maxwell kama kawaida, wapiga harmonika wote, chini ya dirisha la yule mama anayetushushia waya wa umeme. Baridi ya kupasua midomo. Stovall akapuliza mpaka kijiulimi kimoja cha shaba ndani ya harmonika yake kikakatika. Akanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, na Jabo akamtilia yake kiganjani, bado ina mate. Wimbo haukusimama. Watu walishangilia. Mimi nikakukumbuka, maana siku zote mkono ule ulikuwa ukija kwako.

Sasa habari mbaya. Unajua uliniachia maikrofoni, amplifaya na sanduku la harmonika zako nikutunzie. Jirani akamwambia Earline kwamba ugonjwa wako unakaa kwenye vitu vya mdomoni. Mimi nikiwa kazini machinjioni, yeye akazitia harmonika zote kwenye sufuria ya maharage akazichemsha. Kaka, niliporudi mbao zake za ndani zilikuwa zimevimba, zimechomoza kama ndimi za ng'ombe. Nikakaa chini palepale jikoni. Earline akasema, "Si nimeziosha?" Nikamjibu, "Umeziosha, mama. Umeziosha mpaka roho zimetoka."

Jabo anazichonga mbao kwa wembe. Anasema labda mbili zitafufuka. Maikrofoni na amplifaya nimevificha chini ya kitanda kabla navyo havijaingia sufuriani.

Mdogo wako,
Cleotha

Mississippi, 11 Machi 1951

Mdogo wangu Cleotha,

Salamu kwako, kwa shemeji yangu na kwa mwanangu Juanita. Mwambie matusi ya Stovall ni ya zamani, mimi nitamfundisha mapya. Mimi niko hai, na humu ndani hiyo ni habari kubwa. Kitanda ni cha dirishani. Aliyekuwa nacho alikufa Jumanne.

Usimgombeze Earline. Nilicheka mpaka Bi Hattie, muuguzi wetu, akaja kuniziba mdomo. Ila amenieleza kwamba ugonjwa huu hausafiri kwa shaba wala mbao, unasafiri kwa pumzi: mtu akikohoa au akiimba kwenye chumba kidogo chenye watu wengi. Basi nikaacha kucheka. Maana sisi miaka yote ile kwenye klabu ya Lovie, kule chini ya ardhi pasipo dirisha, tulikuwa tunafanya nini kama si kupumuliana usoni? Cleotha, ukiona unakohoa usipuuze.

Wameanza kunidunga sindano mpya, kila siku, mpaka sina pa kukalia. Lakini homa ya jioni imeshuka, na suruali imeanza kukataa kufunga. Kuna kengele zinalia masikioni, na nikisimama chumba kinazunguka kama nimetoka kwa Lovie. Daktari anasema itapita.

Harmonika ndogo niliyokuja nayo wameniachia, ila nimekatazwa kuipuliza. Naishika tu chini ya shuka.

Sikiliza. Amplifaya ikianza kukoroma usiipige teke, badilisha ile taa ndogo ya nyuma, ya mwisho kulia. Na maikrofoni ikumbatie kwa viganja vyote viwili pamoja na harmonika, usiache mwanya. Ile ilitengenezwa ya kuita madereva wa teksi, haijui adabu. Ukiiachia hewa inalia kama bati, ukiibana inalia kama mtu.

Kaka yako,
Ezell

Chicago, 17 Juni 1951

Kaka Ezell,

Salamu na pole na sindano. Sisi tunaendelea, joto tu linatuua. Tunalala kwenye ngazi za nje kama paka. Mama Pearlie anasema umeanza kuwa na kitambi. Mshukuru Mungu na umwachie mwenzako mkate.

Kaka, nimerekodi! Mimi, mpasua nguruwe! Mwenye studio alikuja kwa Lovie Ijumaa, akasimama mlangoni na kofia yake, na Jumatatu nikaitwa. Jabo kwenye gitaa safari hii, mimi na maikrofoni yako na amplifaya yako, na ile harmonika ya sauti ya A iliyofufuka kwenye sufuria. Pande mbili kwa saa moja. Alikuwa na haraka, mpaka anatutoa nje bado tunakunja waya.

Nakutumia sahani yenyewe ya santuri, nimeifunga kwenye shati langu la zamani isivunjike. Jina langu limeandikwa juu yake. Wamekosea herufi moja lakini ni mimi.

Kuna jambo kwenye sahani hiyo. Sikuambii. Utalisikia mwenyewe na utanicheka mpaka Bi Hattie akufunge kitambaa mdomoni. Andika upesi, nangojea matusi yako.

Mdogo wako,
Cleotha

Mississippi, 9 Julai 1951

Mdogo wangu,

Natumai nyote hamjambo. Mimi naendelea vizuri, kohozi limekuwa safi mwezi mzima.

Sahani imefika salama. Tuliipiga kwenye gramafoni ya wodi na watu wote wakafurahi, hata wale wasioinuka. Kazi safi, Cleotha. Haina doa. Nimeisikiliza kila siku tangu ije na sioni pa kukosoa. Umekuwa mkubwa.

Msalimie Stovall na Jabo. Joto huku ni kali, na mahindi ya Mama yamekauka.

Kaka yako,
Ezell

Chicago, 20 Agosti 1951

Kaka yangu,

Nimefika Chicago salama. Treni ilichelewa, lakini kuku wa Mama Pearlie alinifikisha. Earline amenipokea vizuri, Juanita amelala na ile kofia ya majani uliyomsukia.

Najua ulikasirika nilipokuja bila kukuarifu. Barua yako ndiyo iliyonipandisha treni. Kwenye ubeti wa pili wa ile sahani, kijiulimi cha tundu la nne kilikatika, na kutoka hapo mpaka mwisho harmonika inalia kama chura aliyekanyagwa. Mwenye studio alikataa kurudia. Mtaa wa Maxwell mzima unaniita Chura. Na wewe, mtu aliyewahi kunisimamisha mbele ya watu kwa Lovie ukaninyang'anya harmonika kwa sababu kijiulimi kimoja kimelegea kidogo, wewe unaniandikia eti haina doa? Kisha unaniambia habari za mahindi?

Nikajua. Lakini sikutaka kujua, ndiyo maana nikaja.

Nilisimama mlangoni nikakuita, hukugeuka. Nikapiga mluzi ule wetu. Wewe ukaendelea kutazama nje. Yule mzee wa kitanda cha jirani akashika masikio yake, akatikisa kichwa. Nilitaka kurudi stesheni. Halafu ukageuka, ukaniona, ukasema kwa sauti ya kuamsha wodi nzima, "Cleotha! Mbona umekonda hivyo?"

Siku mbili zile tuliandikiana kwenye karatasi za dawa, na kila nilipokuuliza ulinijibu mambo mengine. Sasa uko peke yako. Nijibu.

Mdogo wako,
Cleotha

Mississippi, 2 Septemba 1951

Cleotha mdogo wangu,

Salamu. Kifua ni kizima. Hilo ni kweli, daktari amenionyesha picha.

Zilianza zile kengele. Kisha toroli la chakula likawa linanifikia kitandani bila mimi kulisikia. Nikadhani wameyatia mafuta magurudumu. Siku moja Bi Hattie hakuwepo, nikaichukua harmonika chini ya shuka nikapuliza kidogo, na nikafikiri mate yameiziba. Nikaigonga gotini, nikapuliza tena. Ilikuwa nzima. Wenzangu walikuwa wananitazama na mmoja anapiga makofi.

Daktari akaandika kwamba ni sindano. Bila hizo ningekuwa nimeshazikwa. Akaandika pia kwamba masikio hayatarudi.

Sahani yako nimeweka kidole juu ya ile mbao ya gramafoni, nikakusikia kama mtu anayetembea ghorofa ya juu. Ndicho nilichokipata. Nikikuambia ukweli, ningepata barua gani baada ya hapo? Ungeniandikia habari za mvua. Ungeona vibaya kunitajia Stovall, na amplifaya, na nani kakatika kijiulimi. Nilitaka uendelee kuniletea.

Bado napuliza, siku hizi wananiruhusu. Nasikia vijiulimi vikitetemeka kwenye meno. Ni kama kutafuna chakula ambacho kimenyang'anywa chumvi na kila kitu. Imetosha, tuache hayo.

Sasa wewe. Ulipokuwa hapa ulikwenda dirishani mara kwa mara ukanigeuzia mgongo. Sikusikia kitu, lakini mabega niliyaona. Nimelala miezi yote hii katikati ya mabega ya namna ile. Nenda ukapigwe picha ya kifua, Cleotha. Nenda wiki hii. Usimbusu mtoto mpaka uende.

Kaka yako,
Ezell

Mississippi, 25 Novemba 1951

Mdogo wangu,

Salamu. Hujajibu. Je, umekwenda?

Kaka yako,
Ezell

Chicago, 13 Januari 1952

Kaka Ezell,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Samahani kwa kimya.

Nimekwenda. Daktari kijana, mikono ya baridi, akanibandikia picha kwenye taa. Upande wa kushoto ni kama mtu amenijaza pamba. Akasema nianze sindano mara moja. Nikamuuliza, "Na masikio?" Akasema, "Yanaathirika kwa baadhi ya watu." Nikamwambia, "Mmoja wao namjua." Nikavaa shati nikatoka.

Earline hanisemeshi. Juanita analala kwa dada yake Earline ng'ambo ya barabara, nampungia mkono dirishani. Kazini hawajui. Kwa Lovie nimeongezewa siku, sasa ni Ijumaa na Jumamosi. Naacha mlango wazi na ninasimama hapohapo, mbali na watu. Watu wanasema ninapiga kuliko zamani. Stovall, ambaye hajawahi kumsifu hata marehemu, alinijia akasema, "Chura, leo umeniumiza."

Usiniandikie kwa hasira.

Mdogo wako,
Cleotha

Mississippi, 3 Februari 1952

Cleotha,

Nakusalimu, na siandiki kwa hasira. Naandika kwa kuogopa.

Ulinitazama kwa siku mbili ukarudi nyumbani na huruma yako. Mimi ndiye ninayeishi humu, basi nisikilize mimi. Ni kubaya. Nikiamka asubuhi bado nasahau, na nakumbuka tena kila siku. Lakini nimeruhusiwa kwenda kwa Mama Jumapili. Nilikula samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi mpaka nikalegeza mkanda. Nilimtazama Mama midomo ili nimwelewe, na kwa umri wangu wote sikuwa najua kwamba akitania hutabasamu upande mmoja tu. Nilipanda viazi. Nitakuwepo vikivunwa.

Juanita hakuagiza mpiga harmonika. Ameagiza baba. Baba kiziwi ni baba.

Rudi kwa yule mwenye mikono ya baridi. Piga magoti ukitaka. Mimi ningepiga kwa niaba yako kama ingewezekana.

Kaka yako,
Ezell

Chicago, 18 Mei 1952

Kaka,

Salamu kwa Mama.

Wewe una Mama wa kumtazama midomo. Una viazi. Mimi nina nini? Tangu asubuhi nasimama kwenye damu ya nguruwe mpaka kifundo cha mguu, na mkubwa wangu wa kazi, miaka tisa sasa, ananiita "wewe mrefu". Ijumaa nikiibana ile maikrofoni, kuna watu waliovuka mji mzima kuja kunisikia mimi, Cleotha Mabry, jina langu limekosewa herufi moja lakini ni langu. Wakinichukulia hilo watakuwa wamemwacha nani hai? Yule mrefu.

Wewe ulidungwa bila kuambiwa. Mimi nimeambiwa. Tofauti ni hiyo tu. Ungeambiwa mapema ungechagua nini? Usinijibu, nalijua jibu utakaloandika na nalijua la kweli.

Nimepungua, ndiyo. Koti limekuwa la mtu mwingine. Lakini bado napiga. Nakuomba usiniandikie tena habari za sindano. Andika mengine yoyote.

Nimekukasirikia na ninakupenda.

Mdogo wako,
Cleotha

Mississippi, 4 Agosti 1952

Cleotha,

Salamu baadaye. Kuna vidonge!

Si sindano. Vidonge vyeupe, vidogo, vya kumeza na maji. Vimeanza kwa wazungu, na wiki tano zilizopita vikafika wodini kwetu. Kuna mtu hapa anaitwa Otha, alikuwa ameshapelekewa mchungaji. Leo asubuhi ameomba sahani ya pili ya uji na akagombana na mpishi kwamba hauna sukari. Watu waliokuwa hawainuki wanatembea kwenye ukumbi na nguo za ndani, Bi Hattie anawafukuza kama kuku.

Nilimwuliza Bi Hattie: masikio je? Akaandika: hayagusi. Nikamwambia andika tena. Akaandika tena kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini, karatasi ikatoboka.

Jina la vidonge nimelinakili kwenye kipande kilichomo humu ndani. Mpe daktari yeyote, umwambie hutaki sindano, unataka hivi. Chicago lazima vipo, mji mkubwa ule. Ikiwa havipo njoo huku, utalala kitanda changu. Mimi natoka mwezi ujao.

Sina wivu. Nimejichunguza usiku kucha nione kama ninao, na kweli ninao, mwingi. Nenda hivyohivyo. Nenda kesho.

Kaka yako,
Ezell

Chicago, 28 Septemba 1952

Shemeji Ezell,

Nakusalimu, na namsalimu Mama Pearlie. Natumai umeshatoka hospitali na barua hii itakukuta kwake. Sijawahi kukuandikia, mwandishi alikuwa yeye, basi nivumilie. Telegramu niliyomtumia Mama ilikuwa fupi, na najua umengojea kuelezwa. Nilikuwa siwezi.

Barua yako ya vidonge ilifika Alhamisi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akatoka mpaka katikati ya barabara akamwita Juanita dirishani kwa dada yangu, akamwimbia wimbo wa kijinga aliotunga palepale kuhusu vidonge. Majirani wote walitoka. Jioni akawasomea Stovall na Jabo. Stovall akasema, "Sasa huyu Chura hatatuacha tupumzike miaka mingine thelathini." Akaniambia, "Earline, nipigie pasi shati jeupe, Jumatatu asubuhi nakwenda kliniki." Nikamwambia nenda kesho, kaka yako ameandika kesho. Akasema Ijumaa na Jumamosi ni za Lovie, siku mbili zitamfanya nini mtu aliyengoja mwaka.

Jumamosi nilikwenda naye. Sikuwa nimekwenda kwa Lovie tangu Juanita azaliwe. Alipiga vizuri sana, shemeji, hilo nataka ulijue. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Halafu akaacha katikati ya wimbo, akageukia ukutani kama mtu aliyeona haya. Mimi nikadhani anatafuta maji. Watu bado walikuwa wanapiga makofi. Damu ilikuwa nyingi, haikusimama. Nilimshika kichwa. Hakusema kitu, hakuwa na nafasi ya kusema.

Mchungaji hakutaka muziki wa bluzi kanisani kwake, basi wapiga harmonika walimngojea nje, makaburini. Walikuja wote wa Mtaa wa Maxwell na wengine nisiowajua. Hawakuwa wamepatana chochote. Kila mmoja alitoa harmonika aliyokuwa nayo mfukoni, huyu ya A, huyu ya C, na wote wakapuliza mara moja, kila mtu na wimbo wake, wanalia na kupuliza. Ilikuwa kelele mbaya. Polisi walisimamisha gari kutazama. Wachimba kaburi walivua kofia.

Maikrofoni na amplifaya vipo. Jabo ameniuliza, nimemwambia mpaka nikuulize wewe.

Kuna jambo jingine, ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Baada ya mazishi kliniki ilituita mimi na mtoto. Mimi sina kitu. Juanita picha yake ina kivuli upande wa kulia, kidogo tu, kama alama ya kidole. Yule daktari kijana akasema watamwanzishia sindano wiki hiyohiyo, tayari alikuwa ameshika kalamu. Nikatoa kile kipande chako cha karatasi mkobani nikakiweka mezani. Nikasema, "Huyu hadungwi. Huyu anapewa hivi." Akasoma, akaniangalia, akasema ni vipya, na ni nani aliyeniambia habari zake.

Nikamwambia, baba yake mkubwa, yuko Mississippi, asiyesikia.

Anavimeza kila asubuhi na maziwa. Anakohoa bado. Jana aliomba uji mara ya pili.

Shemeji yako,
Earline